Petroli kuziba kwa mvuke kwenye Jeep ya vita: maana yake na namna ya kuitambua

Kuziba kwa mvuke ni pale petroli inapochemka ndani ya bomba au pampu kabla haijafika kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Pampu imeundwa kusukuma kimiminika. Ikijaa mvuke, diaframu yake (utando unaosukuma petroli) inapanda na kushuka ikiubana na kuuachia mvuke uleule, na injini inabaki na kiu. Gari lililokuwa likienda vizuri linakohoa, linaishiwa nguvu, linazimika. Likishapoa linawaka lenyewe, na fundi haoni ubovu wowote.

Kwenye Willys MB, Jeep ya Vita Kuu ya Pili, tatizo hili lina mazingira yake. Tanki liko chini ya kiti cha dereva na pampu iko ubavuni mwa injini, kwa hiyo njia nzima kati ya viwili hivyo petroli inavutwa, na kuvuta hushusha presha. Presha inaposhuka, petroli huchemka kwa joto dogo zaidi. Huko mbele nako manifoldi ya hewa (bomba lenye matawi la kuingiza hewa na petroli kwenye injini) imefungwa juu ya ile ya eksozi, na kabureta imekaa juu ya zote mbili.

Saa mbaya kuliko zote ni dakika chache baada ya kuzima gari lenye moto. Feni imesimama, maji hayazunguki, joto la chuma linapanda hadi kwenye mafuta. Na petroli ya leo inachangia: Uingereza, kwa mfano, tangu 2021 petroli ya kawaida ina ethanoli, yaani alkoholi, hadi asilimia 10. Mchanganyiko huo hugeuka mvuke upesi, na ethanoli hula mipira na diaframu za zamani.

Wengi hapo hukimbilia kufungua kabureta. Naomba usiiguse kwanza! Chunguza gari likiwa bado limegoma. Funika pampu na bomba lake kwa tambaa lililoloweshwa maji baridi. Likiwaka baada ya muda mfupi, mvuke ndio mshukiwa mkuu. Chomoa plagi pia: zikiwa kavu, mafuta hayafiki, zikiwa zimelowa na zinanuka petroli, huenda yamechemka kwenye bakuli la kabureta yakamwagikia ndani ya manifoldi, na hiyo ni kesi nyingine.

Kuna magonjwa mawili yanayofanana sana na huu mvuke. La kwanza ni mfuniko wa tanki wenye tundu la kupumulia lililoziba. Ufungue gari linapozimika. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, umempata mchawi.

La pili linasumbua zaidi: ufa kwenye mpira mfupi unaounganisha bomba la chasisi na pampu. Kwa kuwa upande huo unavuta, ufa hauvujishi petroli, unaingiza hewa. Utapapasa mpira wote, mkono utoke mkavu, na bado mafuta hayafiki. Ubadilishe kwa mpira unaostahimili ethanoli, hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Kama ni mvuke kweli, angalia vali ya joto iliyo kwenye manifoldi ya eksozi, ile inayoelekeza joto la moshi chini ya kabureta injini ikiwa baridi. Ikiganda kwa kutu upande wa kupasha moto, inaendelea kuchoma sehemu iliyo chini ya kabureta hata injini ikishapata joto lake. Ilainishe mpaka izunguke kwa urahisi. Bomba nalo lisiguse bloku wala eksozi. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ufungue kabureta ukague sindano na kielea, vinavyodhibiti petroli inayoingia kwenye bakuli lake.