Mabano ya ugharamiaji na hasara ambayo haikuwapo

Kila robo mwaka benki zinapochapisha hesabu zake magazetini, hakosekani mtu wa kupiga picha ukurasa, akazungushia wino mwekundu namba iliyofungwa kwenye mabano sehemu ya tatu ya taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wawekezaji wadogo: "Jamani, hawa wamepata hasara ya mabilioni kwenye ugharamiaji, uzeni mapema." Wiki haiishi, anakuja mwingine na ya kinyume chake: namba haina mabano, basi kampuni "imetengeneza hela". Wote wawili wameisoma namba sawasawa. Walipoteleza ni kudhani kwamba fungu hilo linapima faida.

Maana yenyewe ni fupi. Taarifa ya mtiririko wa fedha hugawa fedha taslimu zilizoingia na kutoka katika mafungu matatu. La kwanza ni uendeshaji: kuuza, kununua bidhaa, kulipa mishahara na kodi. La pili ni uwekezaji: kununua mitambo, kuuza jengo, kununua kampuni nyingine. La tatu ndilo hili la ugharamiaji, yaani fedha zilizopita kati ya kampuni na wale walioipa mtaji au mkopo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 7, kinasema ni shughuli zinazobadili ukubwa na muundo wa mtaji uliochangwa na wa mikopo ya kampuni. Humo utakuta hisa mpya zilizouzwa, mkopo uliopokelewa, mkopo uliorejeshwa, hatifungani (mkopo ambao kampuni huuomba kwa umma kwa vipande) na, kwa kawaida, gawio lililolipwa, yaani sehemu ya faida wanayopewa wanahisa. Kilichoingia kinaandikwa kama kilivyo, kilichotoka kinafungwa kwenye mabano. Basi.

Sasa tuje kwenye linalokera.

Hasara hutokea gharama zinapozidi mapato, na makazi yake ni taarifa ya faida na hasara, si hapa. Kurejesha deni si gharama. Ukikopa milioni kumi kwenye Saccos ukaongeza bidhaa dukani, siku unapozipokea hujauza kitu, na siku unapozirejesha hujapata hasara yoyote. Kilichokutoka moja kwa moja ni riba. Kampuni nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni wingi wa sifuri. Gawio vilevile si gharama. Ni faida iliyokwisha kupatikana na kukatwa kodi, sasa wanagawiwa wenye kampuni.

Chukua Safaricom. Ina hisa zinazozidi kidogo bilioni 40. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ilitangaza gawio la shilingi 1.20 za Kenya kwa kila hisa. Zidisha, unapata kama shilingi bilioni 48. Fedha hizo zinapolipwa zinaangukia fungu la ugharamiaji, ndani ya mabano. Anayesoma mabano kama hasara atakuambia kampuni inakata roho, wakati huohuo wanahisa, Hazina ya Kenya ikiwa mmojawao, wanapokea chao. Na kuna mtego mdogo hapo: gawio huonekana katika mwaka lilipolipwa, si mwaka linaouhusu. Katika ile shilingi 1.20, senti 55 zilikuwa gawio la awali, na senti 65 zilizobaki zilisubiri idhini ya mkutano mkuu wa wanahisa, hivyo zikatoka baada ya Machi na kuhesabiwa katika taarifa ya mwaka uliofuata. Ukikuta gawio lililotangazwa na lililolipwa havilingani, usimshuku mhasibu kabla ya kutazama tarehe.

Kosa la upande wa pili lina madhara zaidi, kwa sababu namba isiyo na mabano inapendeza. Mwaka 2012 Kenya Airways iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 14 kila moja. Ililenga zaidi ya shilingi bilioni 20, ikapata kama bilioni 14.5. Fedha ziliingia kweli, na mahali pa kuziandika ni fungu la ugharamiaji, bila mabano. Lakini shirika lilikuwa limechangiwa tu. Hakuna tiketi ya ziada iliyouzwa kwa sababu ya mchango ule. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, shirika hilohilo lilitangaza hasara iliyozidi shilingi bilioni 25. Aliyekuwa akisoma ugharamiaji kama kipimo cha afya alikuwa amepewa habari njema isiyokuwapo.

Alama ya namba inakuonyesha uelekeo, basi: kipindi hiki fedha zimekwenda kwa kampuni au zimekwenda kwa walioigharamia. Kama uelekeo huo ni mzuri au mbaya, jibu liko fungu la kwanza. Kampuni inayolipa mikopo na gawio kwa fedha zilizotokana na kazi yake, mabano yake hayana shida, hata yakiwa marefu. Kampuni inayotoa gawio huku uendeshaji wake wenyewe unakula fedha, na pengo likizibwa kwa mkopo mpya, hiyo inatakiwa kuulizwa maswali, na huenda jumla ya ugharamiaji wake ikasomeka chanya kabisa. Kampuni changa inayojenga kiwanda nayo itakuwa chanya, na hapo hakuna la ajabu. Alama ni mbili tu, hali ni tatu.

Kwa benki mambo yanachanganya zaidi, na ndizo watu wanazozisoma sana. Utazame ukurasa wenyewe wa gazeti. Fomu inayotumiwa na benki za Tanzania chini ya Benki Kuu ina mistari michache kwenye fungu la tatu: urejeshaji wa deni la muda mrefu, fedha zilizotokana na deni jipya la muda mrefu, fedha zilizotokana na kuuza hisa, gawio taslimu lililolipwa, mabadiliko ya mikopo mingine, na mengineyo. Tafuta amana za wateja hapo, huzioni. Ziko juu, fungu la uendeshaji, kwenye mstari wa mabadiliko ya amana. Amana ni deni la benki kwa mteja, hilo halina ubishi, ila kupokea amana na kukopesha ndiyo biashara yenyewe ya benki. Kwa hiyo mtu akiweka milioni moja kwenye akaunti ya akiba NMB, hiyo ni ya uendeshaji. Mtu huyohuyo, kwa milioni hiyohiyo, akiwa alinunua Jasiri, hatifungani ambayo NMB iliiuza mwaka 2022 ikilenga shilingi bilioni 25 na kuvuna kama bilioni 74, hiyo ni ya ugharamiaji. Ndivyo ilivyo hata kwa Hatifungani ya Kijani ya CRDB ya mwaka 2023, iliyopata zaidi ya shilingi bilioni 171. Ukikuta benki ina namba kubwa isiyo na mabano katika kipindi cha mauzo ya namna hiyo, usiseme imevutia wateja wengi. Imekopa kwa umma, na kuna siku itarejesha, na siku hiyo mabano yatarudi.

Lipo kosa jingine ambalo hata waliosoma hulifanya: kudhani kila hisa inayouzwa sokoni inaiingizia kampuni fedha. Mwaka 2008 watu walijipanga kununua hisa za Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya, jumla bilioni 50. Kati ya hizo, zilizoingia kwenye ugharamiaji wa Safaricom ni sifuri. Aliyeuza ni Serikali ya Kenya, ikipunguza umiliki wake kutoka asilimia 60 hadi 35, na fedha zilikwenda Hazina. Kampuni ilibadilisha wamiliki tu. Linganisha na Vodacom Tanzania mwaka 2017, sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zake kwa umma: hapo zilitolewa hisa mpya kama milioni 560 kwa shilingi 850 za Tanzania, takriban bilioni 476, na fedha zikaingia kwenye kampuni. Matukio mawili yaliyotangazwa kwa mbwembwe zilezile, ila moja ni mtiririko wa fedha wa kampuni na jingine halimo kabisa. Vivyo hivyo kwa hisa unazouziana na jirani yako kila siku kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni hata senti haigusi.

Sasa, sitaki kumwonea mtu. Mipaka ya fungu hili imewahi kuhamishwa na wenye viwango wenyewe, na hapo msomaji ana haki ya kuchanganyikiwa. Mfano ni kodi ya pango. Hadi 2018 kampuni ya simu iliyokodi minara ililipa pango, na malipo mengi ya namna hiyo yakahesabiwa kwenye uendeshaji kama gharama nyingine yoyote. Kiwango kingine cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 16, kilichoanza Januari 2019, kikasema mkataba wa upangaji wa muda mrefu ni deni. Kuanzia hapo, sehemu ya pango inayopunguza deni hilo ikahamia ugharamiaji. Mnara ni uleule, mwenye mnara ni yuleyule, hundi ni ileile. Kilichobadilika ni fungu. Matokeo yake, fedha za uendeshaji zikaonekana zimepanda na mabano ya ugharamiaji yakaongezeka, bila shilingi moja kubadili njia. Nimeona watu wakilinganisha 2018 na 2020 na kusifu menejimenti kwa "kuboresha uendeshaji". Sifa hizo zilistahili kwenda London kwa waandishi wa viwango.

Riba ndiyo yenye utata wa kweli. Kwa IAS 7, kampuni iliachiwa ichague kuiweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji au kwenye ugharamiaji, mradi isibadilishebadilishe; hata gawio lililolipwa liliachiwa uhuru huo, ingawa wengi huliweka ugharamiaji. Wamarekani kwa kanuni zao za tangu 1987 wanaiweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji, hakuna mjadala. Ndiyo maana kulinganisha kampuni mbili kwa kutazama jumla peke yake ni kujisumbua bure; moja imeficha riba juu, nyingine imeiweka chini, na hakuna iliyodanganya. Uhuru huo unakwisha: kiwango kipya, IFRS 18, kinaanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza Januari 2027 na kuendelea, nacho kinazitaka kampuni nyingi kuipeleka riba iliyolipwa kwenye ugharamiaji, benki na taasisi za namna hiyo zikiwa na utaratibu wao. Mwaka huo tutaona mabano yaliyonenepa ghafla, na najua tayari kitakachoandikwa kwenye makundi.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kabisa. Mwaka 2017 Kenya Airways ilipangua madeni yake, na sehemu ya deni la serikali na la benki za Kenya ikageuzwa kuwa hisa. Benki zilizokuwa wadai zikawa wamiliki. Ugharamiaji mkubwa kuliko huo utautafuta wapi? Lakini kwa kuwa deni lililogeuzwa hisa halipitishi fedha taslimu, kugeuzwa kwenyewe hakuandikwi kwenye fungu la tatu. Kunaelezwa kwenye maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma, zile ambazo wengi wetu hatufiki.

Kwa hiyo badala ya "kampuni imepata hasara kwenye ugharamiaji", itoshe kusema "kampuni imewalipa wanahisa na wakopeshaji wake kuliko ilivyopokea kutoka kwao". Ni sentensi ndefu kidogo, ila ni ya kweli. Na ukitaka kujua ilimlipa nani, kwenye maelezo ya hesabu za mwaka huwa kuna jedwali ambalo IAS 7 inalidai tangu 2017: madeni ya ugharamiaji yalianza mwaka na kiasi gani, yakamaliza na kiasi gani, kati ya hapo kipi kimelipwa au kupokelewa taslimu, na kipi kimebadilika bila fedha kupita. Anza kwa kulitafuta hilo, ndipo upige picha ukurasa.