Baada ya GPS kunyamaza: ninavyoitafuta roketi iliyotua

Mita 140 kutoka ardhini. Hiyo ndiyo taarifa ya mwisho niliyopata kutoka kwa roketi yangu ndogo, ninayoirusha kama burudani, katika jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, kisha skrini ikanyamaza. Wengi hukata tamaa hapo. Mimi hutoa kalamu. Mwavuli wake mkubwa ukifunguka, roketi ile hushuka mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo ilibakiza sekunde 23 hivi hewani. Upepo ulikuwa wa mita 7 kwa sekunde. Basi niitafute kama mita 160 mbele ya alama ya mwisho, kule upepo unakoelekea.

Ukimya ule si dalili ya kuharibika. Roketi ikiwa juu, hata kirushio (kifaa chake cha kutuma mawimbi ya redio) cha wati 0.1 husikika mbali sana, kwa sababu hakuna kitu kati yake na wewe. Ikishalala chini, ardhi inameza mawimbi, na kichuguu au kichaka kinatosha kuyaziba. Usishtuke pia GPS ikipotewa na setilaiti wakati wa kupaa. Mwendo ule ni mkali mno kwake, na itazipata tena ikishuka. Ila usiifungie ndani ya bomba la nyuzi za kaboni, maana halipitishi mawimbi. Yangu hukaa kwenye pua ya faibaglasi.

Kabla hujapiga hatua, kagua namba zako. Vipokezi vingi vya GPS hutoa latitudo namna hii: 4051.4230. Maana yake ni nyuzi 40 na dakika 51.4230, yaani nyuzi 40.85705. Nimeshuhudia mtu akiingiza 40.51423 kwenye ramani ya simu, na ramani ikampeleka kilomita 38 kusini. Alizunguka mpaka jua likazama, na roketi yake ilikuwa karibu na kambi.

GPS hunifikisha jirani. Mlangoni nafikishwa na redio. Ndiyo maana naweka vyote viwili ndani ya roketi, na ndiyo maana nilifanya mtihani wa Marekani wa leseni ya redio ya ridhaa: maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Leseni hiyo inaniruhusu kutumia masafa ya megahezi 433 hivi. Mkononi nashika antena ya Yagi, inayosikia zaidi upande inakoelekezwa, mfano wa zile za televisheni zilizokuwa juu ya mapaa yetu, ila hii ni ndogo na nyepesi.

Siku ile, pale hesabu iliponielekeza, palikuwa na vichaka tu vya pembezoni mwa uwanda. Nikainua Yagi, nikageuka taratibu: kimya. Kisha nikaizungusha kiganjani, vijiti vilivyokuwa wima vikalala. Pi... pi... pi. Roketi ilikuwa imelala, antena yake imelala nayo, kwa hiyo nami nililazimika kulaza yangu. Jambo dogo hili limeniokolea roketi nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Ukikaribia zaidi, mlio unakuwa mkubwa pande zote na mwelekeo unapotea. Hapo nachomoa Yagi, nasogeza masafa kilohezi 5 au 10 pembeni ili kipokezi kisikie kwa shida, nakibana kifuani na kujizungusha. Mwili wangu unaziba mawimbi. Mlio unapofifia kabisa, roketi iko mgongoni kwangu. Nageuka, natembea hatua ishirini, narudia.

Mara ya tatu sikuhitaji redio tena. Altimita, kipima urefu kilichomo ndani ya roketi, ilikuwa ikilia yenyewe kichakani, ikitaja urefu iliofika kwa futi. Nilipiga goti kwenye vumbi nikaanza kuhesabu: milio tisa, kituo, milio minane, kituo, milio minne.