Kwa Nini Krismasi ya Australia Huangukia Kiangazi?

Kila tarehe 25 Desemba, ufukwe wa Bondi mjini Sydney hujaa watu waliovaa nguo za kuogelea na kofia nyekundu za Baba Krismasi. Mezani kuna kamba wa kuchemsha waliopozwa kwenye barafu, maana nani awashe oveni saa nane mchana kwenye joto lile? Kadi za sikukuu, hata hivyo, bado zina theluji.

Jibu wanalolitoa wengi upesi ni kwamba Desemba upande wa kusini wa dunia huwa karibu zaidi na jua. Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili: mwanzoni mwa Januari tunakuwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Lakini dunia husogea nzima nzima. Sydney ikikaribia jua, London nayo imekaribia, na kule watu wanatetemeka. Mwinamo wa dunia nao huusogeza upande wa kusini kilomita elfu chache tu, ambazo mbele ya milioni 147 si kitu. Kuna na kituko kingine: ukipiga wastani wa dunia yote, Julai, tukiwa mbali, ndiyo yenye joto kuliko Januari. Kaskazini kuna nchi kavu nyingi, nayo hupata joto upesi kuliko bahari zilizotawala kusini.

Mwinamo hufanya kazi yake kwa njia nyingine. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4 na huelekea upande uleule mwaka mzima; Desemba, kusini ndiko kunakolielekea jua. Chukua debe la mpunga. Ukilianika kwenye mkeka mmoja, tabaka ni nene. Ukilitandaza kwenye mikeka miwili, tabaka ni jembamba, na mpunga ni uleule. Mwanga nao ni hivyo. Adhuhuri ya Desemba jua la Sydney hupanda karibu nyuzi 80 juu ya upeo wa macho, na mwanga wake humwagika mahali padogo. Juni huishia nyuzi 33 hivi, mwanga uleule ukatandazwa kwenye eneo karibu mara mbili. Mchana nao hutofautiana: zaidi ya saa 14 Desemba, chini kidogo ya saa 10 Juni.

Tarehe yenyewe Biblia haiitaji. Tunaikuta Roma katika karne ya 4, na wanahistoria bado wanabishana kama ilifuata sikukuu za jua au hesabu za kanisa. Vyovyote iwavyo, Roma iko kaskazini.

New Zealand wana pambo lao, mti wa pōhutukawa, unaochanua mwekundu pwani mwezi Desemba, sawa na mkrismasi wetu Dar es Salaam, ambayo nayo, tusisahau, iko kusini ya ikweta. Waaustralia wengine, wakitamani moto na nyama ya kuoka, huandaa Krismasi ya pili mwezi Julai, hasa kwenye Blue Mountains, magharibi mwa Sydney. Ndio mwezi ambao dunia iko mbali na jua kuliko mwingine wowote.