Giaboksi ya otomatiki haiuliwi na kilomita

Anayetafuta gari la otomatiki lililotumika huanza na swali moja: limetembea kilomita ngapi? Akijibiwa 90,000 anatulia, akijibiwa 210,000 anaaga. Mara nyingi hapo ndipo anapokosea, kwa sababu kinachoila giaboksi ya otomatiki ni joto na oili iliyochoka, na vyote viwili havisomeki kwenye dashibodi.

Ndani ya giaboksi hiyo kuna klachi kadhaa. Kila moja ni rundo la diski zilizogandishwa utando mwembamba unaofanana na karatasi ngumu, zikipishana na sahani za chuma, zote zikiwa zimelowa oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayozibana klachi, inayolainisha gia, inayopoza, na inayopokea nguvu ya injini ndani ya tokikonveta (torque converter), chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili. Ikichoka, kazi zote nne zinalegea kwa pamoja. Ndiyo maana gari la kilomita 90,000 za foleni, simama ondoka kutwa nzima, linaweza kuwa limechakaa kuliko la kilomita 210,000 za barabara kuu. Huko barabara kuu gia ya juu huingia ikatulia, na konveta hujifunga ikaacha kuzalisha joto. Umri nao una lake: sili za mpira hukakamaa hata gari likiwa limeegeshwa, presha huanza kuvuja ndani kwa ndani, na klachi isiyobanwa sawasawa huteleza na kuungua.

"Oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi." Hii imeandikwa hata kwenye vitabu vya baadhi ya magari, kwa hiyo simlaumu anayeiamini. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari mengi yakiwemo BMW, inapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka 8. Aliyeitengeneza giaboksi akisema hivyo, mimi namsikiliza yeye. Gari likiwa la foleni, la milimani au la kuvuta mizigo, usingoje hadi mwisho wa hesabu hiyo.

"Giaboksi ya zamani ukiibadilishia oili, umeiua." Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, kwa sababu watu wameyaona kwa macho yao: mtu kabadilisha oili Jumatatu, Ijumaa gari haliondoki. Kinachosahaulika ni kwamba wengi humkumbuka fundi pale gia zinapoanza kuteleza. Kufikia hapo utando wa klachi umeshaungua na kusagika, na unga wake unaelea kwenye oili. Oili mpya haiwezi kuurudisha utando kwenye diski. Giaboksi ilikuwa njiani kufa, oili imekutwa tu kwenye eneo la tukio.

Hatari ya kweli iko kwenye namna ya kubadilisha. Ile mashine ya kusukuma oili kwa presha inaweza kung'oa uchafu uliotulia kwa miaka na kuupeleka kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili, yenye njia nyembamba sana. Kwa gari kuukuu mimi nachagua njia ya taratibu. Fungua nati, mwaga kinachotoka, teremsha sampo (trei ya oili iliyo chini ya giaboksi), badilisha filta ikiwa inabadilishika, kisha rudisha kiasi kilekile kilichotoka. Kwa kawaida hutoka theluthi hadi nusu tu, kwa sababu nyingine hubaki kwenye konveta, kwa hiyo unarudia baada ya kilomita mia kadhaa, mara mbili au tatu.

Sampo ikishateremshwa, usimwache fundi aifute kabla hujaiangalia. Ndani yake kwenye giaboksi nyingi kuna sumaku. Chota kilichoshika kwa kidole na ukisugue. Tope la kijivu, laini kama grisi, ni uchakavu wa kawaida. Ukikwaruzwa na vipande vya chuma, kuna bearingi au gia inayokatika. Kisha dondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Kuwa nyeusi kidogo pekee hakutoshi kukutisha; ikutishe harufu ya kuungua pamoja na chembe nyeusi zinazobaki katikati ya doa.

"Oili ni oili, mradi iwe nyekundu." Wekundu ni rangi tu iliyotiwa ili uvujaji utambulike, na zipo za kijani na za manjano. Oili ya Toyota iitwayo WS ni nyepesi kuliko T-IV ya Toyota hiyohiyo, na Toyota yenyewe hairuhusu moja ishike nafasi ya nyingine. Kwenye CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, kosa ni kubwa zaidi, kwani humo mkanda wa chuma unashikana na puli za chuma, na oili yake imeundwa ili ushikano huo usiteleze. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaweza kuteleza na kuzichana puli.

"Gia zikipiga kishindo, nunua giaboksi nyingine." Niliambiwa hivyo kuhusu gari langu, lililokuwa linashtuka likitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Nilikaribia kukubali. Fundi wa pili alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, akafuata waya mmoja hadi kwenye soketi iliyoingia unyevu, pini zake zimeota kutu ya kijani. Akasafisha, kishindo kikaisha. Solenoidi (valvu zinazoendeshwa kwa umeme), sensa ya mwendo, oili pungufu, hata raba za injini zilizokatika huleta dalili zilezile. Ukionyeshwa msimbo P0700, ujue huo unasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. Dai isomwe misimbo mingine iliyo nyuma yake.

"Kushuka mlima kwenye N kunaokoa mafuta." Gari la injeksheni likishuka likiwa kwenye D, mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta hukata mafuta. Ukiweka N injini inabidi iunguze mafuta ili isizime, na breki zinabaki peke yake kulizuia gari.

Kulikokota gari bovu likiwa kwenye N nako si salama kama wengi wanavyodhani. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, matairi yanazungusha gia zikiwa kavu. Nyanyua matairi yanayoendesha, na kama yote manne yanaendesha, lipakie zima.

Kwa anayekwenda kununua, mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, maana joto huficha mengi. Liwashe likiwa baridi, kanyaga breki, weka R, halafu D. Gia ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika, tilia shaka. Liendeshe hadi lipate moto kabisa, urudie, kwa kuwa oili ikiwa nyepesi ndipo presha inayovuja hujitokeza.

Mwisho, injini ikishapoa, fungua kifuniko cha rejeta. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta unaoitenga na maji ukitoboka, viwili hivyo huchanganyika vikawa kama maziwa ya waridi. Maji hulegeza gundi iliyoshika utando wa klachi, ukabanduka vipande vipande. Ukiuona uwaridi huo usilipe, hata kama siku hiyo gari linabadilisha gia bila kutikisika.