Vifaranga wamefia ndani ya yai? Weka chini hilo jagi la maji

Mtu akifungua mashine ya kutotolesha mayai ya kuku siku ya 21 akakuta nusu ya trei iko kimya, ushauri ni uleule, awe Ngarenaro, Arusha, au Kiboriloni, Moshi: "Unyevu ulikuwa mdogo, ongeza maji." Anaongeza. Awamu inayofuata wanakufa wengi zaidi, anaambiwa aongeze tena. Jamani!

Yai lazima lipungue uzito. Tangu linapoingia mashineni hadi siku ya 18 linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake, na kinachotoka ni maji, kupitia vitundu vya ganda. Nafasi inayobaki upande ule butu ndiyo chumba cha hewa. Kama siku ya 20 hivi, kifaranga hutoboa utando na kuanza kupumua humo, kabla hajagusa ganda. Sasa kama ulijaza maji tangu siku ya kwanza, chumba ni finyu, kifaranga amevimba, hana pa kugeukia. Huyo amezama, hakukauka.

Vunja yaliyokufa uangalie, hata kama yananuka. Kifaranga amelowa, tumbo kubwa, majimaji yanatiririka: mara nyingi maji yalizidi. Ni mdogo, manyoya yamegandana na utando mkavu: maji yalipungua. Ametoboa ganda kisha akakaukia palepale: hiyo ni kazi ya kufungua mlango kila saa ili jirani naye aone. Waliokufa wiki ya kwanza na kuacha pete ya damu wana mambo yao, kama mayai yaliyokaa zaidi ya siku saba kabla ya kuwekwa, au joto lililopanda.

"Basi niweke unyevu asilimia ngapi?" Vitabu vinasema 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu 65 hadi 70. Hapo ni pa kuanzia tu. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na yai hupoteza maji haraka kuliko Tanga hata kipimo cha unyevu kikisoma sawa. Julai, hewa ya baridi ikiingia mashineni na kupashwa hadi nyuzi 37.5, unyevu wake unaporomoka hata kama nje kuna ukungu. Kwa hiyo Arusha maji yanahitajika kweli, na hapo ndipo wenye majagi wanapopata ushahidi wao. Ukishuka Moshi na kipimo hichohicho, unaweza kulowesha trei nzima. Tena ganda la yai la kienyeji halilingani na la kroila, yule kuku chotara, kwa hiyo namba moja ya kumtosha kila mtu haipo, vitabu viseme vitakavyo.

Halafu hicho kipimo chenyewe unakiamini kwa nini? Lowesha chumvi ya mezani iwe kama uji mzito, iweke na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 68, jua unadanganywa kwa 7.

Dawa ni mzani wa jikoni. Mayai 30 yenye gramu 1,650 yanatakiwa kufika karibu gramu 1,570 siku ya saba, na karibu 1,450 siku ya 18. Hayajapungua vya kutosha, toa maji; yamepungua mno, ongeza. Ukishamulika mayai kwa tochi na kutoa yasiyo na mbegu, piga hesabu kwa wastani wa yai moja, la sivyo utashangilia upungufu ambao haupo.

Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu, na usizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi ya Meru. Hizo ndizo siku kifaranga anazotaka oksijeni nyingi, na huku juu ni chache tayari.

Kuhusu kumsaidia aliyekwama, vitabu vinakataza kabisa. Mimi sina msimamo mkali hivyo. Kutoka kutoboa ganda hadi kutoka nje huchukua hata saa 24, kwa hiyo subira kwanza. Zikipita na utando umekuwa mweupe na mkavu, ulainishe kwa maji ya uvuguvugu na umenye kidogo. Ukiona mshipa mwekundu, mrudishe, funga mlango.