Pua kubwa ya gari haipozi injini

Kila gari jipya likitoka na grili, ile wavu ya mbele, inayoanzia kwenye boneti na kukaribia kugusa lami, hakosi mtu wa kutufundisha: "Injini za turbo zinahitaji hewa nyingi." Haya, BMW iX ni gari la umeme, halina injini hata ya dawa. Mbona limebeba pua mbili kubwa namna ile? Zile zimezibwa, jamani. Nyuma yake kuna kamera na rada ya kupima umbali.

Ukubwa wa tundu peke yake hauingizi hewa. Kinachoisukuma ndani ni tofauti ya mgandamizo, na gari likiwa kwenye mwendo mgandamizo huwa mkubwa zaidi pale hewa inapogonga uso na kusimama. Kwenye magari mengi ya kawaida hapo ni usawa wa bampa. Kwa hiyo lile tundu la chini ya namba, ambalo hakuna anayelipiga picha, ndilo linalobeba kazi. Citroën DS ya 1955 ilivuta hewa kutoka chini ya bampa, usoni haina grili, na ilitembea.

Hakikisha mwenyewe. Zima injini, iache ipoe, mulika grili kwa tochi. Ukiona kondensa (kipozeo cha AC) au rejeta ya injini, tundu ni la kweli. Ukiona plastiki nyeusi yenye vishimo visivyotoboka, umelipia pambo. Pembe za bampa ndizo zinazoongoza kwa uongo huu. Ila usihukumu haraka ukikuta mapezi yaliyofungwa. Hayo yanaendeshwa na mota na hufungwa makusudi, kwa sababu hewa inayopenya hadi kwenye rejeta inaongeza ukinzani na kula mafuta. Yaani mbunifu anachora mdomo wa kiboko, kisha mhandisi anatafuta pazia la kuuziba.

Na kwenye foleni? Gari limesimama, hakuna upepo wa mwendo, kazi yote ni ya feni. Hapo kinachoamua ni vizibo vya plastiki na sponji vinavyozunguka rejeta, vile ambavyo bampa likibadilishwa hutupwa kama takataka. Visipokuwepo, hewa ya moto iliyokwisha kupita inazunguka pembeni, inarudi mbele na kuvutwa tena. AC inakuwa ya kwanza kulegea, halafu mshale wa joto unaanza kupanda, na fundi anang'oa thermostati, vali ya maji ya kupoza injini, isiyo na kosa.

Kuna utetezi mmoja wa pua hizi ninaoukubali nusu. Kanuni za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu, zilizoanza kutumika 2005, zinamlazimisha mtengenezaji kuacha nafasi kati ya boneti na vyuma vya injini ili kichwa kikigonga, bati libonyee. Boneti ikapanda. Lakini hakuna kanuni iliyoagiza ukuta. Utafiti wa 2023 wa IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima Marekani, ulikuta kwamba magari yenye boneti ya juu kuliko sentimita 102 hivi yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa kuliko yenye boneti isiyozidi sentimita 76 na uso ulioinama. Usalama uliishia wapi hapo?

Taa nitazipitia mbio. Taa za mchana zililazimishwa Ulaya kwa aina mpya za magari mwaka 2011, na wabunifu wakaona nafasi: kiuzi chembamba cha taa ya mchana juu, taa kubwa yenyewe ikasukumwa ndani ya bampa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinaruhusu taa kubwa ya mwanga wa chini (dimu) kushushwa mpaka milimita 500 kutoka ardhini, basi wakapata ruhusa. Huko inakula matope na kokoto, na mguso mdogo uliopaswa kukwaruza bampa unavunja taa nzima.

Kuhusu ubaya wenyewe, sina uhakika na macho yangu. Grili ya Audi A6 ya 2004, iliyounganisha juu na chini, ilionekana kufuru. Leo ukiiangalia ni ya kistaarabu kabisa. Huenda hizi nazo tutazizoea.

Na ile nembo ya katikati: kama rada imejificha nyuma yake, usiibandike stika ya kromu wala kuipulizia rangi yenye chembe za chuma. Rada itapofuka, kisha utasema sensa imekufa.