Korongo, Eastleigh, Laikipia: kambi za wanahewa wa Kenya na majina yake

Kila tunapopokea wanafunzi katika chumba chetu cha nyaraka, hakosi mmoja wa kuuliza: mbona ndege za kijeshi hutua Eastleigh, Nairobi, kando ya maduka na magorofa? Mimi humjibu kwamba aulize kinyume chake. Kiwanja kilikuwapo kabla ya magorofa.

Mwaka 1940 vita vilipofika Afrika Mashariki, Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, na Waingereza walihitaji mahali pa kutulia ndege upesi. Kiwanja cha kampuni ya ndege ya Bi Florence Kerr Wilson, upande wa Lang'ata, kilichukuliwa na jeshi. Eastleigh ikawa kituo cha wanahewa wa Uingereza, nako Nakuru na Nanyuki wakafunzwa marubani.

Kisha kuna kisa ambacho sichoki kukisimulia. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na manowari za Waingereza zikakimbilia Kilindini, bandari ya Mombasa. Baadhi zilibeba ndege, na ndege hazina budi kupata mafundi na mahali pa kutua nchi kavu. Sasa, wanamaji wa Uingereza wana desturi ya kukiita kituo chao cha nchi kavu kama meli. Basi kiwanja chao cha Kilindini kikawa HMS Kipanga (HMS maana yake ni Meli ya Mfalme), cha Tanga kikawa HMS Kilele, na karakana yao ya ndege Nairobi ikaitwa HMS Korongo. Meli, zaidi ya kilomita 400 kutoka maji ya chumvi! Aliyechagua majina hayo hakubahatisha: kipanga ndiye anayeshuka ghafla akaondoka na kifaranga, na korongo huonekana akisimama tuli kama anayesubiri kutengenezwa. (Makorongo wenyewe wangali Nairobi, juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo. Mwenye gari safi asiliegeshe chini yao.)

Vita vilipokwisha, Eastleigh ilipokea wanajeshi na wasafiri wa kawaida pamoja. Binti mfalme Elizabeth alitua hapo tarehe 1 Februari 1952. Siku tano baadaye babake akafariki, naye akaondoka akiwa malkia, kwa ndege aina ya Dakota kutoka Nanyuki hadi Entebbe. Mwaka uliofuata Eastleigh hiyo hiyo ilikuwa ikirusha ndege za Lincoln kwenda kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare, huku ndege ndogo za Harvard zikipaa kutoka Mweiga, karibu zaidi na wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni. Abiria wa kiraia walihamia Embakasi mwaka 1958, kwenye uwanja uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, likaanza na ndege za mafunzo aina ya Chipmunk. Eastleigh ikawa makao yake. Miaka ya sabini ilileta kambi mpya ya Nanyuki, na mwaka 1978 ndege za kivita za F-5 kutoka Marekani zikapata nyumba huko. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, bawa hubeba kidogo, na ndege iliyojaa mafuta na mabomu hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo njia ya kurukia haiwezi kuwa fupi.

Alfajiri ya Jumapili, 1 Agosti 1982, wanahewa wa vyeo vya chini wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kuipindua serikali. Huko Nanyuki marubani walishikiwa bunduki ili wakaishambulie Nairobi. Walipaa, wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Kwa saa kadhaa nchi iliwategemea watu hao wachache bila kujua.

Serikali ililivunja jeshi hilo lote, ikaunda jingine lililoitwa 82 Air Force, chini ya jeshi la nchi kavu. Kambi ya Nanyuki ikapewa jina la Laikipia, na Eastleigh sasa ni Moi Air Base. Jeshi lilirudishiwa jina lake la zamani mwaka 1994. Kambi hazikurudishiwa yake.